Bega la Bi Khaduj

Iddi ya kuchinja ilikuwa imepita, na juu ya mapaa ya Fez kamba zote zilikuwa zimeacha kubeba nguo zikabeba nyama. Bi Zuhur alipanda juu ya paa lake mapema, kitambaa kakifunga kiunoni, akawa anatundika vipande virefu vyembamba vya nyama ya kondoo vilivyolala katika chumvi, vitunguu saumu, giligilani, bizari ya pilau na siki. Jua lilikuwa zuri, nzi walikuwa wachache, na yeye alikuwa anaimba chinichini. Ilikuwa siku kama siku nyingine.

Katika kichochoro chetu mwanamke huyu alikuwa na sifa yake. Kichwa cha kondoo alikibabua mwenyewe kwenye makaa, akakikwangua, akakichemsha, na ulimi akaufichia mgeni. Miguu iliingia katika chungu cha dengu. Matumbo aliyaosha mpaka maji yakatoka safi, akayakunja pamoja na mapafu na mafuta, akayafunga kwa utumbo mwembamba vifurushi vifurushi, akayaanika. Hiyo ndiyo kurdas, na kifurushi kimoja wakati wa baridi chatosha kuifanya sufuria nzima ya maharage ijione ya kitajiri. Mkia ulikauka ukingoja Ashura. Ngozi ikawa mswala. Mifupa, majirani walisema, kwake huchemshwa mara moja kwa njaa, mara ya pili kwa mazoea, na mara ya tatu kwa ubishi.

"Zuhur we!" Bi Tahra alimpigia kelele kutoka paa la pili. "Mwaka huu umetupa nini cha kondoo wako?"

"Nimetupa mlio."

"Na huo nao umeponea chupuchupu! Ungeshikika ungetiwa chumvi!"

Wakacheka wote wawili, na paa la tatu likacheka pia, maana sikio la jirani halina ukuta.

Lakini chini jikoni, ndani ya kitambaa cheupe, kulikuwa na kitu ambacho Zuhur hakukitaja. Lilikuwa bega la kulia la kondoo yule. Marehemu mumewe alikuwa na sharti moja maisha yake yote: chungu cha nyumbani hakiwekwi motoni kabla bega la kulia halijashuka ngazi kwenda kwa Bi Khaduj, kikongwe aliyekaa katika chumba cha chini, karibu na kisima, akisokota sufu za watu. Kwetu fungu la jirani asiye na cha kuchinja si hisani. Ni haki yake, hutoka bichi, na hutoka mapema.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Kondoo alikuwa mdogo, mwenye kukonda, na Badia, binti pekee wa Zuhur, alikuwa mjamzito na mumewe yuko mbali machimboni. Zuhur alilitazama lile bega akaanza kupiga hesabu za mtu mwenye akiba. Nikimpa bichi, alijiambia, halifiki Ijumaa; kila ombaomba atakayegonga atakatiwa kipande, mkono wa bibi yule hauna kizuizi. Nikimtengenezea khlii, nikaipika katika mafuta nikaifungia mtungini, atakula baridi nzima. Namfanyia wema. Na alijiamini kabisa. Shetani akimjia mtu bahili haji na kisu, huja na ushauri wa kuweka akiba.

Basi bega likakatwa vipande, likatiwa chumvi, likaanikwa pamoja na nyama nyingine, na lilipokauka hakuna aliyeweza kulijua tena.

Siku ya kupika khlii, harufu ilijaa nyumba. Mafuta ya kondoo na mafuta ya zeituni yalichemka pamoja katika sufuria kubwa, nyama ikipiga kelele ndani yake, na mvuke ukashuka ngazi ukaingia chumba cha chini. Haukupita muda, Bi Khaduj akatokea mlangoni akihema, sahani ya udongo mkononi.

"Harufu imenitoa kitandani, mwanangu. Miguu imekataa, pua imenibeba."

"Karibu, bibi. Fungu lako mwaka huu limo humu humu. Nimekutengenezea likae."

"Mungu akuzidishie. Nilikuwa nasema moyoni, Zuhur kanisahau." Akacheka, fizi tupu. "Basi nionjeshe hata hicho kijipande cha pembeni."

Zuhur akachungulia sufuria. Kijipande cha pembeni kilikuwa kizuri mno, chekundu, kinameremeta.

"Bado, bibi. Haijakolea. Ukila sasa itakuharibu tumbo."

"Haya. Kungoja ndiyo kazi yangu ya zamani. Nitangoja."

Akashuka na sahani yake. Zuhur akaipakua nyama, akaimwagia mafuta mpaka ikazama yote, akafunika mtungi. Mafuta yalipoganda juu, meupe, laini, yalipendeza sana. Kuna watu hupenda kutazama dhahabu. Zuhur alipenda kutazama mtungi uliojaa.

Mvua za kwanza ziliponyesha Bi Khaduj akaja tena. Akaambiwa bado, khlii nzuri hutaka kulala. Baridi ilipoanza akaja mara nyingine, amejifunika blanketi, sahani ndani ya blanketi. Zuhur alikuwa amekwisha kuufungua mtungi kwa ajili ya Badia, maana mjamzito akinusa kitu akanyimwa, kwetu huogopwa mtoto atadhurika. Hakutaka mafuta yavunjwe tena upande wa pili. Akampa kikongwe bakuli la mchuzi wa mifupa.

"Bado tu?" Bi Khaduj aliuliza, bila hasira.

"Bado kidogo, bibi. Wewe ndiye utakayeimaliza."

Mara ya mwisho hakupanda. Alimtuma mtoto wa jirani kuuliza, na Zuhur akatuma jibu lile lile.

Zuhur ndiye aliyemkuta. Alishuka asubuhi kuteka maji, akaona mlango wa chumba cha chini uko wazi. Bi Khaduj alikuwa amekaa ndani ya mlango, uso ukielekea ngazi, ile sahani mapajani. Sahani ilikuwa imeoshwa vizuri. Wanawake waliomwosha maiti walitoka wakinong'onezana kwamba hawakuwahi kunyanyua mtu mzima mwepesi vile, ilikuwa kama kunyanyua furushi la sufu. Zuhur alilia sana mazishini. Watu walimsifu kwa kilio kile. Hawakujua anachokililia.

Baada ya maziko alipanda jikoni, akaufungua mtungi. Alitaka kutoa sadaka, walau kipande, kwa jina la marehemu. Akaonja kwanza, mpishi haachi kuonja.

Haikuwa na chumvi.

Akaonja kipande kingine. Hakikuwa na chumvi. Akachimba chini kabisa, mahali chumvi hujikusanya mpaka ulimi huwaka. Nyama ilikuwa dufu, kama iliyochemshwa kwa maji ya mvua. Na kila mtu kwetu anajua nani hupikiwa chakula kisicho na chumvi. Binadamu hawapikiwi hicho; hupikiwa majini.

Akafunika mtungi. Hakumwambia mtu.

Badia aliendelea kula. Hakulalamikia ladha. Asubuhi mayai yaliyokaangwa kwa khlii, mchana mkate uliochovywa mafuta yake, jioni tena. Alikula akalamba vidole, kisha akamtazama mama yake kwa macho ya mtu ambaye hajawekewa chakula.

"Mama, bado?"

"Bado nini? Umemaliza sahani sasa hivi."

"Nasikia njaa."

Tumbo lilikua. Vingine vyote vikapungua. Mashavu yaliingia ndani, pete ikaanza kumvuka kidoleni. Mkunga akaja, akambonyeza, akatikisa kichwa. Akamwambia Zuhur kando kwamba mtoto anamla mama yake, na akishamaliza kwa mama hatakuwa na pa kwenda.

Ndipo zilipoanza zile hatua.

Zilikuja mchana, adhuhuri, wakati nyumba imetulia na jua limesimama katikati ya ua. Zuhur alikuwa anachambua dengu. Akasikia mlango wa chini ukifunguka. Mlango ule alikuwa ameufunga mwenyewe. Kisha mguu ukapanda ngazi. Ukapumzika. Ukapanda tena. Na pamoja na mguu, sauti nyingine, nyepesi, ya kiganja kinachoburuzwa ukutani.

Macho ya Bi Khaduj yalikuwa mabovu. Alipopanda, alipapasa ukuta.

Hatua zilipita mlango wa jikoni. Zuhur hakugeuka. Dengu zilimtoka mkononi moja moja. Hatua zikaenda mpaka chumba cha Badia, zikasimama. Mlango ukalia. Kisha akasikia Badia akicheka, kicheko kidogo cha mtoto anayebembelezwa.

Alipopata nguvu ya kwenda, alimkuta binti yake peke yake, ameegemea mto. Midomo yake ilikuwa inang'aa.

"Nani alikuwa humu?"

Badia akafunga macho. "Nilikuwa nimelala, mama."

Kesho yake zikaja tena. Na kesho yake. Kila adhuhuri mlango, ngazi, kiganja ukutani. Zuhur alijua. Alijua vizuri nani anapanda, na alijua anadai nini. Kanyimwa bega, sasa anakuja kumla mwanangu. Hakulala, hakula, na usoni alianza kufanana na binti yake. Hatia ina meno yake. Lakini mtu mwenye hatia mara nyingi hutafuta kufuli kabla ya kutafuta msamaha.

Alimwendea Fakihi Bushta, aliyeandika hirizi nyuma ya msikiti mdogo wa wafua shaba. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu ya tete sikioni.

"Huyu marehemu, anakudai kitu?"

"Hanidai."

"Fikiri, Bi Zuhur. Maiti hapandi ngazi kwa mazoezi."

"Nilimtendea wema maisha yake yote. Waulize majirani."

"Majirani siwaulizi. Nakuuliza wewe."

Zuhur akatazama chini. "Hanidai kitu, fakihi."

Fakihi Bushta akashusha pumzi. Akampa chumvi ya mawe iliyosomewa, akamwambia aimwage kwenye kizingiti cha mgonjwa kutoka ukuta hadi ukuta, asiache upenyo, na akachome mbegu za harmali chumbani. "Lakini nakwambia mapema," akasema akimfungulia mlango, "dawa haimjui aliyedanganya. Hufunga tu mlango. Anayebaki nje na anayebaki ndani, hilo ni lako."

Chumvi ikamwagwa. Adhuhuri hatua zikaja, zikapanda, zikapapasa, zikafika kizingitini. Zikasimama. Zuhur, ndani, kamshikilia binti yake kwa mikono miwili, akasikia pumzi ya mtu mzima aliyechoka upande wa pili wa mlango. Haikugonga. Haikulia. Ilingoja tu, kama ilivyozoea. Baada ya muda mrefu ikashuka.

Zuhur akasujudu kwa furaha. Usiku ule akalala kama mtoto.

Asubuhi Badia hakuweza kuinua kichwa.

Siku iliyofuata hakuweza kushika kijiko. Zuhur alimlisha khlii, mkate, supu, asali, na kila kitu kiliingia kinywani na hakuna kilichofika popote. Mkono wa binti ulikuwa umekuwa mwembamba kama mguu wa kuku. Na adhuhuri, mlangoni, ile pumzi. Ikangoja. Ikashuka.

"Mama," Badia akanong'ona. Zuhur akainama mpaka sikio likagusa midomo yake. "Mbona umemfungia?"

"Nimemfungia nani?"

"Bi Khaduj."

"Bi Khaduj amekufa, mwanangu. Alikuwa anakuja kukula."

"Kunila?" Badia alijaribu kucheka, hakuweza. "Alikuwa ananilisha, mama. Huja na sahani yake. Nyama laini, ya bega, ina chumvi yake. Ndiyo pekee iliyokuwa inanishibisha. Hicho chako kinapita tu."

"Nyama kaitoa wapi?"

"Nilimuuliza. Akasema ni fungu lake, amepewa huko aliko. Akasema, kula wewe, mimi nimezoea kungoja, huyo wa tumboni hajui kungoja."

Zuhur alikaa sakafuni. Miaka yote ile alikuwa amehesabu mifupa, mikia, vifurushi vya matumbo, na hakuwahi hata mara moja kufanya hesabu hii. Aliyekufa na sahani tupu mapajani ndiye aliyekuwa anapanda ngazi kila siku, kwa miguu ile ile mibovu, kumlisha mtoto wa aliyemnyima. Na yeye kamwekea chumvi mlangoni. Kamfukuza tena. Angekuja kwa kisasi, Zuhur angejua la kufanya. Kwa hili hakujua afanye nini na uso wake.

"Alikuwa hajapata bega lake?" Badia akauliza polepole. "Mwaka huu hukumpa, mama?"

Zuhur akajifunika macho kwa viganja. Badia akageuzia uso wake ukutani, na hilo lilikuwa jibu la kutosha kwa wote wawili.

Hakusubiri adhuhuri. Alichukua ufagio akaifagia chumvi yote, mpaka punje zilizoingia katika nyufa alizitoa kwa kucha. Akaubeba mtungi wa khlii, mzito kama mtoto, akashuka nao hadi chumba cha chini, akauweka katikati ya sakafu, akaufungua. Akapiga magoti pale.

"Bega lilikuwa lako," alisema. "Lilikuwa lako tangu kondoo akiwa hai. Nilikudanganya, bibi. Ilikuwa imeiva tangu siku ile ya kwanza. Chukua lote. Chukua na langu. Mwanangu tu, usimwache."

Kisima kilidondosha tone lake.

Akapanda, akasimama katikati ya ngazi, mgongo ukutani, akangoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kungoja kitu cha mwenzake.

Jua lilipofika katikati ya ua, mlango wa chini ukafunguka. Hatua zikapanda. Zuhur hakuona mtu. Aliona vumbi jepesi likiinuka kutoka kwenye kila ngazi. Akasikia kiganja ukutani, kikija. Kikamfikia. Kilipofika begani kwake kikanyanyuka, kikamruka, kikaanza tena upande wa pili, bila kumgusa.

"Salaam alaikum, bibi," akanong'ona Zuhur.

Bi Khaduj, ambaye maisha yake yote hakupita mbele ya hata paka bila kumsalimu, hakurudisha salamu. Akapanda. Mlango wa Badia ukalia.

Badia alijifungua kabla ya majira ya machipuko. Alijifungua vizuri, mtoto wa kike, mnene, mwenye mikunjo mapajani, na mkunga alishangaa akasema hajui maziwa haya yametengenezwa na nini. Tangu siku hiyo hatua hazikusikika tena. Kuhusu mtungi, Zuhur alipoufuata aliukuta vile vile alivyouacha, hakuna kilichoguswa. Alizika ile khlii nje ya lango la mji, na mwanamke ambaye hakuwahi kutupa ukoko wa mkate alirudi nyumbani mikono mitupu, analia hadharani. Mwaka uliofuata mabega yote mawili yalitoka bichi, alfajiri, kabla ya moto kuwashwa. Hakumwambia mtu kwa nini, na Bi Tahra alipomtania juu ya paa kwamba siku hizi hata mlio anaugawa, hakucheka.

Mwezi wa Shaabani, kama ilivyo desturi, waliita mtu wa kupaka chokaa ngazi. Alipaka asubuhi. Jioni akaitwa arudi, maana kazi yake ilikuwa na kasoro: mstari wa mafuta, upana wa kiganja, umetokeza juu ya chokaa mbichi. Ulianzia mlango wa chumba cha chini, kwa kimo cha mtu aliyepinda mgongo, ukapanda ukutani bila kukatika isipokuwa mahali pamoja, katikati ya ngazi, pana kama mtu aliyesimama. Halafu ukaendelea hadi mlango wa Badia. Fundi akakwangua, akapaka tena. Kesho yake mstari ulikuwa palepale. Akapaka mara ya tatu, akachukua vifaa vyake, hakurudi.

Nimeuona mimi mwenyewe, na bado upo. Badia hupita akiugusa kwa vidole, na mtoto wake naye. Zuhur hupita akiwa ameficha mikono ndani ya mikono ya kanzu yake. Mara moja tu, nyumba ikiwa tupu, alisimama pale katikati ya ngazi penye upenyo, akanyoosha mkono, akaweka kiganja mahali mstari unapoanza tena.

Ukuta ulikuwa na joto, na ulikuwa unatetemeka kidogo, kama mkono wa mtu mwenye njaa.